Laini ya Akiba

Garissa mtandao ukikatika, mtu haulizi kwanza kampuni gani imeharibu. Anauliza watoto wako wapi. Mama muuza maziwa anafunika madumu yake, mwenye duka la nguo anaingiza ndani madera aliyoyatundika mlangoni, na wanaume waliokuwa wakibishana juu ya chai wanateremsha sauti bila kuambizana. Tumejifunza hivyo. Mara nyingine ni mjenzi wa barabara tu amepitisha tingatinga juu ya waya. Mara nyingine kuna watu wameangusha mlingoti wa simu mahali, ili jambo wanalotaka kulifanya lisipigiwe simu. Hujui ni lipi kati ya hayo mpaka mtandao urudi.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ofisi moja ya mji huu haipatwi na ukimya huo. Niliajiriwa kwa hilo, nililiweza, na nisiwadanganye, nilijiona.

Ilikuwa kampuni ya kupeleka maji. Mwenyewe ni mama aliyeanza na mkokoteni wa punda, akichota Mto Tana na kuuza mtaa kwa mtaa, na nilipomkuta alikuwa na malori yenye matangi yanayokwenda mpaka Modogashe upande mmoja na Ijara na Sangailu upande mwingine. Sote tulimwita eedo, shangazi kwa Kisomali, ingawa mimi si Msomali. Kwetu ni kando ya mto, nyumbani tunasema Kiswahili, na Kisomali changu nilikiokota shuleni na sokoni. Nakisema haraka na kwa kujiamini, na kila anayenisikia anacheka kabla sijafika katikati ya sentensi.

Ukame ukikaza, lori la maji si biashara tu. Kijiji kinapiga simu leo, kesho mbuzi wanaanza kulala chini, keshokutwa ni wazee. Kwa hiyo namba ya ofisi iliandikwa ubavuni mwa kila tangi kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama mtoto. Watu waliijua kwa moyo. Nimewahi kumsikia mwanamke asiyejua kusoma akiitaja tarakimu kwa tarakimu huku anakanda unga.

Namba ilikuwa moja, meza zilikuwa tano. Simu zetu hazikuwa na laini ya kawaida, zilipita kwenye intaneti. Sauti yako inaingia kwenye waya uleule unaobeba barua pepe, inakwenda mpaka kwa watu wa Nairobi waliotuwekea namba ile, na kutoka hapo inaelekezwa kwa unayempigia. Ni kitu kizuri mno kinapofanya kazi. Unamhamisha mtu kutoka meza hii hadi ile, unarekodi mazungumzo, unajua nani alipiga saa ngapi na nani hakupokelewa. Lakini waya ukikatika, meza zote tano zinakufa kwa pamoja, na ule waya wetu ulikuwa ukikatika kama uzi wa cherehani mbovu. Ndipo eedo aliponiita akasema anataka simu isiyokufa.

Nilitumia wiki mbili kupanga laini za akiba. Nilichora kwenye karatasi kubwa, nikabandika ukutani, na mtu akiingia ofisini nilimsimamisha mbele yake kama mgeni aliyeletewa picha za harusi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Nilinunua kisanduku kidogo chenye matundu mawili ya kadi za simu, kadi mbili za kampuni mbili tofauti. Waya ukifa, watu wa Nairobi wanaona ofisi haijibu, na namba yetu wanaihamishia kwenye kadi ya kwanza. Mtu wa kijijini anapiga namba ileile aliyoizoea, inalia kwenye meza ileile. Sisi tukitaka kupiga nje, simu inapita kwenye kadi ya pili. Ya kwanza ipokee, ya pili ipige. Na ikitokea moja imekufa, nyingine ibebe kazi zote mbili.

Eedo alisimama mbele ya mchoro wangu na tasbihi yake mkononi, akautazama kwa muda mrefu.

"Hizo kampuni mbili," akasema, "maji yao yanatoka mto mmoja ama mito miwili?"

"Eedo, hii ni mitambo, si maji."

"Sawa. Nyinyi ndio mmesoma."

Sikulizingatia. Alikuwa ameuliza swali la maana kuliko maswali yote niliyojiuliza mimi katika wiki mbili, na nilimjibu kama mtu anayemfukuza nzi. Ningepiga simu mbili tatu tu ningejua kwamba mlingoti wa kampuni ya pili ulilishwa na waya uleule wa kwetu. Sikupiga. Jina lilikuwa tofauti na rangi ya kadi ilikuwa tofauti, nikaona yametosha.

Siku ya majaribio nilichomoa waya mbele ya ofisi nzima. Nikatoka nje na simu yangu, nikapiga namba yetu, na ndani meza zikalia. Watu wakapiga makofi. Kisha nikaingia, nikajipigia mwenyewe kutoka mezani, na kwenye kioo cha simu yangu pakatokea "Ofisi 2", kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeihifadhi namba ile ya akiba. Nikaridhika. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, na jioni nilikwenda nyumbani nikimsimulia mama mpaka akaniambia nimwache aswali.

Majuma machache baadaye likaja jambo la barabara ya Modogashe. Dereva wetu mmoja, akiwa peke yake na tangi lililojaa, alipigiwa na namba asiyoijua. Mtu akajitambulisha kuwa ni wa ofisi. Alijua jina la dereva, alijua mzigo, alijua hata kijiji. Akamwambia mbele kidogo kuna mtu atampungia mkono, asimame, ampakie, huyo ndiye atakayemwonyesha njia. Dereva aliitikia. Kilichomwokoa ni pancha. Alipomaliza kubadilisha gurudumu, malori mengine mawili yalikuwa yamemkuta, wakaenda pamoja, na pale mahali walimwona kweli mtu amesimama. Alipoona malori ni matatu alirudi vichakani. Hatukuwa na mtu yeyote pale. Hakuna ofisini aliyempigia.

Dereva yule alitusimulia huku akicheka, na chai aliyopewa hakuigusa.

Eedo aliwakusanya madereva uani asubuhi ya pili yake, na mimi nikapewa kazi ya kutunga amri. Wengi wao hawasomi herufi zetu, wanasoma Qurani, kwa hiyo mambo yetu tuliyapeleka kwa sauti, kwenye kikundi cha WhatsApp, wakayasikiliza jioni majumbani. Nilirekodi kwa Kisomali changu hicho cha kuchekesha. Nilisema hivi: Namba ya ofisi ni moja, ile iliyoandikwa kwenye tangi. Namba nyingine yoyote ikikupigia ukiwa njiani, usishike, hata kama unadhani ni mimi, hata kama unadhani ni eedo. Mtu akikupungia mkono barabarani, usisimame. Na namba usiyoijua ikikusumbua, piga namba yetu, utuambie.

Sauti ile ilipendwa. Waliicheza mikahawani, wakaniiga. Nikipita utasikia mtu nyuma yangu, "Namba ni moja," na wengine wanaangua kicheko. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nilifurahi, maana amri inayochekesha haisahauliki.

Aliyeishika kuliko wote ni dereva wetu mkubwa kwa umri, yule aliyezoea barabara ya Ijara na Sangailu. Mimi nilimwita adeer, baba mdogo. Alikuwa mrefu, ana ndevu alizozitia hina, na anaendesha polepole mno kiasi kwamba wenzake walisema maji yake hufika yamechacha. Yeye aliniita abaayo, dada. Alikuja mezani kwangu akavuta kiti.

"Abaayo, rudia ile maneno. Mimi nataka kuweka kwa kichwa."

Nikarudia. Akayasema kwa kuhesabu vidole, kama mtoto wa duksi, chuo cha Qurani, mbele ya mwalimu.

"Namba ni moja. Ingine hapana shika. Mtu nabunga mkono, hapana simama. Ikisumbua, nabigia wewe. Ni hiyo?"

"Ni hiyo, adeer."

"Na wewe utashika?"

"Nitashika."

Barabara ile madereva hawabebi simu kubwa. Wakisimamishwa na watu wa msituni, haohao waangusha milingoti, simu yenye picha na majina inaweza kumponza mtu. Wanabeba kabambe, simu ndogo ya vitufe, na katika kabambe hizo mimi mwenyewe nilihifadhi namba moja tu, ya ofisi. Nilizipanga mezani nikazitia namba hiyo moja baada ya nyingine. Namba za zile kadi mbili za akiba sikuzitia. Niliziandika kwenye karatasi nikaifungia kwenye droo, nikamwambia eedo kwamba kadiri zinavyojulikana na wachache ndivyo zisivyoweza kuvuja.

Wewe unayesoma umeshaliona shimo. Mimi nililichimba, nikalipita kila siku kwa miezi, sikuliona.

Siku yenyewe waya ulikatika saa nne asubuhi. Kisanduku kikageuka, taa zake zikawaka, na mimi nikatembea katikati ya meza nikiwaambia wenzangu waendelee na kazi, hakuna neno. Dakika chache baadaye taa ya kadi ya pili ikazima. Nikaichomoa, nikaifuta, nikairudisha. Haikuwaka. Nje dirishani nikamsikia mtu wa duka la chini akilalamika kwamba simu yake nayo haina mtandao, na yeye alikuwa wa kampuni hiyo ya pili. Nilielewa wakati huohuo. Nikageuza mpangilio, kadi ya kwanza ibebe kazi zote mbili, kama nilivyopanga. Kadi moja hubeba simu moja kwa wakati mmoja. Niliona inatosha kwa siku moja.

Mji ukaanza kunyamaza. Niliwahesabu madereva waliokuwa njiani. Mmoja tu, adeer. Alikuwa amelala Ijara, na baada ya swala ya adhuhuri angeondoka na tangi lake kwenda Sangailu. Nikamwambia eedo. Akasema, "Inshallah," na hakutoka ofisini kwenda kula.

Saa nane na nusu simu ikalia. Namba yetu iliyozoeleka, kupitia kadi ya kwanza, kama nilivyoahidi. Nilishika. Alikuwa mwalimu mmoja wa upande wa Sangailu, mtu tuliyemjua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituagizia maji ya kijiji. Alizungumza chini chini na kwa haraka.

"Lori lenu linakuja leo?"

"Liko njiani."

"Lizuieni. Wachungaji wa ngamia wamefika hapa sasa hivi. Wanasema wameona watu barabarani, kabla hujafika kwetu. Wanafukia kitu."

Nilimshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba katika kile kipande cha sekunde kabla sijakata, nilijisikia fahari. Waya umekufa, kadi moja imekufa, na bado habari imefika mezani kwangu. Hilo ndilo jambo ninaloona haya nalo mpaka leo, kwamba nilifurahi kwanza.

Nikampigia adeer. Simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena. Ikaita. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba alikuwa ameshaondoka Ijara, na mwendo wake tuliujua. Kwa muda kama wa nusu saa angekuwa bado anapata mtandao, halafu anaingia kwenye sehemu ambayo hakuna mlingoti wowote, na mbele ya sehemu hiyo ndipo walipoonekana watu. Tulikuwa na nusu saa ya kumsimamisha mzee mmoja mwenye simu mkononi. Nikasema ni muda mwingi sana.

Mara ya tatu haikushikwa. Eedo alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Anaona namba gani?" akaniuliza.

Niliondoa mkono kwenye vitufe. Alikuwa anaona namba ya kadi, ile niliyoifungia kwenye droo. Namba asiyoijua, akiwa njiani, karibu na msitu. Na alikuwa anafanya kile nilichomfundisha.

Eedo akatoa simu yake mwenyewe akapiga. Nayo iliita mpaka ikanyamaza. Nikamwandikia ujumbe, nikijua hajui kusoma na yuko nyuma ya usukani. Nikatuma sauti kwenye kikundi, nikijua simu yake kubwa iko nyumbani kwa mkewe. Mtu akifika hapo anafanya yote, hata yale anayoyajua hayana faida.

Kisha nikafanya uamuzi. Nikasema nitampigia bila kupumua, mpaka achoke, ashike japo anitukane. Nikaanza. Inaita, inakatika, napiga. Inaita, inakatika, napiga. Mara ya nne nikaambiwa mteja ninayempigia anatumia simu yake. Niliruka kwenye kiti.

"Anaongea na mtu," nikamwambia eedo. "Anaongea na mtu mwingine, na simu zetu hashiki."

Nilimtukana. Nitalisema hilo pia. Nilisema mzee mkaidi, kichwa kama tangi lake, na sikungoja hata nusu dakika, nikapiga tena. Ikaita. Ikakatika. Nikapiga. Anatumia simu. Nikapiga.

Eedo alikuwa na akili kuliko mimi siku ile. Alikumbuka kwamba njiani pana kibanda cha chai cha mama mmoja ambapo madereva wetu husimama. Akampigia kwa simu yake, akapatikana. Nilimsikia eedo akimwambia toka nje, simama katikati ya barabara, lizuie lori letu likija. Akabaki na simu sikioni, na mimi nikiendelea kupiga. Tulisikia upepo, halafu injini kwa mbali, halafu injini karibu, na mama yule akipiga kelele. Kisha honi ndefu. Kisha injini ikaanza kwenda mbali.

"Amebita," mama akasema, na alikuwa akihema. "Mimi nasimama kwa barabara, naondoa shash kwa kichwa, nabunga yeye. Yeye nazunguka mimi kwa mchanga. Nanitazama. Nainua mkono hivi, kama mtu naomba msamaha."

Eedo akauliza kama yuko mtu mwenye pikipiki. Hakuwako.

Nikapiga tena. Anatumia simu. Nikapiga. Ikaita mara mbili, halafu ikaja ile sauti ya mwanamke mpole asiyekuwa na haraka, akiniambia mteja hapatikani kwa sasa. Ameshaingia kwenye sehemu ya kimya. Niliendelea kupiga hivyohivyo, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Eedo alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani chini ya mchoro wangu, na tasbihi ikaanza kupita vidoleni mwake. Polisi tulikuwa tumeshawaambia. Walisema wanatoka, na walitoka kweli, lakini ni mbali.

Alasiri ilipoadhiniwa mwalimu akapiga tena. Alisema wamesikia mlio.

Waliofika kwanza walisema maji yalikuwa yamemwagika barabarani na kujaa kwenye shimo la bomu, na mbuzi walikuwa wameshakuja kunywa. Walilazimika kuwafukuza ili waingie kumtoa. Alizikwa asubuhi ya pili yake, na mji mzima ulikuwako, na mimi nilikaa na wanawake nikilia kama wao, kilio cha mtu aliyefiwa na mwenzake wa kazi. Wakati huo niliamini kwamba nilikuwa nimefanya niwezalo. Kosa langu lilikuwa namba moja iliyofungiwa kwenye droo. Lilikuwa kosa kubwa, nililijua, lakini niliona naweza kulibeba.

Siku ya tatu waya ulirudi. Niliingia ofisini peke yangu asubuhi, nikafungua ukurasa wa kumbukumbu za simu, ule unaowekwa na watu wa Nairobi. Nilikuwa natafuta saa ambayo waya ulikatika ili niiandike kwenye ripoti. Ukurasa ule unaorodhesha kila aliyepiga namba yetu, hata kama hakupokelewa. Nikaiona namba ya kabambe yake. Ilikuwapo mara tatu, na mbele ya kila moja pameandikwa kwamba laini inatumika.

Nilitoa kumbukumbu za kisanduku, nikaziweka pembeni, dakika kwa dakika. Kila mara nilipoambiwa anatumia simu, alikuwa anatupigia sisi. Namba usiyoijua ikikusumbua, piga namba yetu, utuambie. Alikuwa ameshika somo lote mpaka mwisho, na mimi mwalimu wake ndiye niliyesahau sentensi ya mwisho. Nairobi walimpokea vizuri, wakamleta kwenye kadi yangu moja iliyobaki, na kadi ile nilikuwa nimeishikilia mimi. Ningeweka mkono wa simu chini, nikakaa tu, nikanywa hata maji, simu ingelia. Angeniambia, Abaayo, kuna namba nasumbua mimi.

Nilizichapisha orodha zote mbili kwenye karatasi, nikazizungushia kalamu zile mara tatu. Eedo alinikuta hivyo. Nilimwonyesha, nikamweleza mara mbili, maana mara ya kwanza sikueleweka. Alivaa miwani, akasoma, akaivua. Alizikunja zile karatasi mpaka zikawa ndogo.

"Hii ni baina yako na Mwenyezi Mungu," akasema. "Mimi sijaiona. Ajali ya mtu imeandikwa, na mkewe ana mzigo wa kumtosha."

Siku hizi, nieleze na hilo, laini zetu za akiba ni nne, zimetoka kwenye mito tofauti kwelikweli, na mojawapo imeachwa bure daima, hairuhusiwi kupiga, ni ya kupokea tu. Namba zote nne ziko kwenye kila kabambe. Wenzangu wa ofisi nyingine hunijia niwapangie za kwao, nami huwapangia, na nikimaliza wanashangaa kwa nini nawalazimisha wajaribu wakiwa upande wa dereva. Siwaelezi. Lakini wakati ule nilikuwa na karatasi zilizokunjwa tu na maneno ya eedo, na nilikusudia kuyashika.

Nilikwenda nyumbani kwa adeer mwisho wa juma, matanga yalipopungua watu. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya chumba, amevaa nyeupe, na binti yake akatutilia chai akatoka. Tulizungumza Kisomali. Hakunicheka. Aliniuliza hali ya mama yangu, akaniuliza hali ya eedo, nami nikaitikia yote. Kisha akanitazama.

"Alikuwa anatuambia hapa," akasema, "nikipatwa na jambo njiani nitampigia yule msichana wa ofisini, yeye hushika. Siku ile alikupigia?"

Neno hapana lilikuwa jepesi. Lilikuwa mdomoni tayari, na hakuna mtu duniani ambaye angelijua isipokuwa eedo, naye alishasema hajaiona karatasi. Niliona pia kwamba angelala nalo vizuri zaidi. Angejua tu kwamba mumewe hakuwahi kuomba msaada akanyimwa.

"Alinipigia," nikasema. "Mara tatu."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumpata. Laini ilikuwa inatumika."

Alishika ncha ya mkeka, akaanza kuusawazisha uzi uliochomoka.

"Mtu wa wakati ule alikuwa na shida gani kubwa," akasema, "kuliko ya mume wangu?"

"Ni mimi niliyekuwa kwenye laini."

Mkono wake ukasimama juu ya mkeka. Sikuweza kumtazama usoni.

"Ulikuwa unampigia nani?"

"Nilikuwa nampigia yeye," nikasema.